Figili za nyumbani: kupanda, kung'oa na kula, kwa mtu wa Nakuru, Kisumu na Western

Kama wewe ni wale watu hupanda karoti leo na kesho kutwa ashaanza kufukua aone kama zimeshika, mboga yako ni figili. Wengine wanaita radishi, zile nyekundu za duara zenye nyama nyeupe ndani. Kutoka siku mbegu inaingia kwa udongo hadi siku unaikatia kachumbari ni wiki nne hivi, hali ikiwa nzuri hata siku 25, na sijui mboga ingine ya mzizi inakupea chakula haraka hivo. Lakini hiyo haraka yake ndio huwashinda watu, juu figili haimngoji mtu. Karoti ukiisahau wiki mbili utaipata tu iko sawa, figili ukiisahau wiki moja unakuta imepasuka, ndani imekuwa sponji na inawasha mpaka machozi. Kwa hivyo kila mahali hapa chini utaona narudia yale yale, panda kidogo kidogo, punguza miche bila huruma, ng'oa mapema, na majani usitupe.

Kwanza uko wapi?

Figili inapenda ubaridi kiasi, nyuzi 10 hadi 20 hivi ndio inafurahia. Nakuru town iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, kwa hivyo watu wa Lanet, Kiamunyi, Bahati na Njoro mko sawa karibu mwaka mzima, shida yenu ni ukavu wa Januari na Februari na lile vumbi, joto si sana. Ukipanda juu zaidi kama Molo zinachukua muda kidogo, weka wiki moja ama zaidi juu ya ile imeandikwa kwa pakiti, lakini mzizi unatoka mtamu na umekaza vizuri.

Kisumu ni kwingine kabisa. Pale kando ya ziwa ni karibu mita 1,130 na jua la saa nane mchana mnalijua wenyewe. Joto likizidi, mmea unaachana na mambo ya kunenepesha mzizi unakimbilia kutoa maua, unarefuka juu na chini unabaki na kauzi chembamba kakali. Haimaanishi haiwezekani. Mamangu mkwe anakaa upande wa Mamboleo na anazivuna vizuri tu, ila anazipanda upande wa nyumba wenye unapata jua la asubuhi peke yake, ikifika saa saba ukuta ushaleta kivuli, na anazipanda sanasana kuanzia mvua ya Machi hadi Julai venye hewa imepoa. Januari na Februari hagusi, anasema hiyo ni kutesa mbegu. Kama hauna ukuta kama huo tumia shedineti ama hata majani ya ndizi juu ya vijiti, bora hewa ipite.

Kakamega na Vihiga mko katikati, Kitale mko juu karibu sawa na Nakuru, na nyote mvua mnayo ya kutosha, nyinyi angalieni maji yasitulie kwa kitanda, na kama shamba limekuwa la mahindi miaka na miaka na fatalaiza ya DAP kila msimu basi udongo umekuwa na asidi, chokaa ya shamba kidogo wiki kadhaa kabla ya kupanda inasaidia sana. Figili inataka pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo, ya kati ya 6 na 7.

Mbegu

Enda agroveti uulize mbegu ya figili ama radish, usiulize miche, juu hii mboga haihamishwi. Inapandwa pale pale itakapokulia, ukiing'oa uihamishe ule mzizi wa katikati unajikunja na huo mzizi ndio chakula chenyewe. Aina yenye utaipata kwa urahisi ni Cherry Belle, ya duara nyekundu, na kwa anayeanza hiyo inatosha. Kuna French Breakfast yenye ni ndefu kidogo na ncha nyeupe, hiyo ukichelewa kidogo tu inakuwa sponji haraka. Alafu kuna ile nyeupe ndefu yenye Wahindi wanaita muli na Wajapani daikon, hiyo inachukua siku 50 hadi 70 na inataka udongo umechimbwa kwenda chini kabisa.

Angalia tarehe kwa pakiti. Na kama mbegu zimepakwa rangi, pinki ama kijani, hiyo ni dawa, usiziloweke ukitaka kula chipukizi zake, hizo ni za kupanda tu.

Udongo na kitanda

Hapa watu wa Nakuru mmebarikiwa, ule udongo wetu wa majivu ya volkano ni mwepesi, mzizi unajisukuma bila shida. Kazi yenu ni kuongeza mbolea iliyooza ili ushike maji. Watu wa Kano na pande zile za Kisumu zenye udongo mweusi wa kunata, ule ukikauka unapasuka mpaka mguu unaingia, msipande moja kwa moja, inueni kitanda sentimita 20 hivi mchanganye na mboji na mchanga wa mto kidogo, ama mpande kwa gunia na ndoo.

Chimba na fok jembe mpaka sentimita 20, kwa muli ziwe 40. Toa mawe na mizizi ya nyasi yote, hapo usione uvivu, juu figili ikikutana na jiwe inagawanyika miguu miwili. Karai moja ya mbolea ya ng'ombe kwa mita moja mraba inatosha, lakini iwe imeoza kabisa, nyeusi, haina harufu, haina joto. Ile ya jana kutoka kwa zizi inaleta majani makubwa mazuri ya kupiga picha na chini hakuna kitu. Ni hivo hivo na fatalaiza ya CAN ama yuria, naitrojeni ikizidi mmea unalisha majani, kwa hivyo hizo ziache kwa mahindi na sukuma.

Na ukizungumzia sukuma, hizi ni ndugu. Figili, sukuma, kabeji, zote ni ukoo mmoja, zinashea wadudu na magonjwa, so pale umetoa sukuma usipande figili mara moja, weka mahali palikuwa na maharagwe, kitunguu ama karoti.

Kama huna shamba, ndoo ya rangi ya lita 20 yenye umetoboa chini inakubali kabisa. Figili za duara zinataka kina cha sentimita 15 tu, hata kreti ya soda yenye imetandikwa gunia ndani inafanya kazi. Na kwa wenye wanasumbuliwa na fuko, tuseme ukweli, kontena ndio dawa, hizo zingine za kumwaga sijui nini kwa shimo ni kujichosha.

Kupanda

Chora mistari kwa kidole ama kijiti, kina cha sentimita moja na kidogo, mstari na mstari sentimita 15. Dondosha mbegu moja moja, kila sentimita 2 ama 3, mbegu zake ni kubwa za kushikika kwa hivyo hakuna sababu ya kumwaga kama chumvi. Funika na udongo mwepesi, kandamiza kidogo na kiganja, mwagilia na kitu chenye matundu madogo. Ukitumia ndoo moja kwa moja unazisomba zote zinaenda kukusanyika kwa kona moja.

Sasa hapa ndio watu hukosea hesabu. Mita moja ya mstari ukiacha nafasi ya sentimita 4 kila mmea ni figili 25. Mita mraba moja yenye mistari 6 ni figili 150, zote zinaiva wiki moja. Utakula figili 150 na nani? Panda mstari mmoja leo, mwingine wiki ijayo, mwingine wiki inayofuata, na kufikia wakati unapanda wa tano wa kwanza uko tayari kung'olewa na kila wiki una bakuli ya kutosha nyumba yako na ya kumpea jirani.

Ujanja mwingine ni kuzichanganya na karoti kwa mstari mmoja. Karoti inachukua wiki mbili ama zaidi kuota na wakati huo magugu yashakuzidi hujui mstari uko wapi. Figili inatoka siku ya 3 hadi ya 5, inakuonyesha mstari, inakufungulia udongo, na inang'olewa kabla karoti haijataka nafasi.

Kupunguza miche

Hii ndio sehemu itaamua kama utakula figili ama utakula majani peke yake. Zikiota zinatoka na vijani viwili vya kwanza vya umbo la moyo, laini, alafu katikati kunatokea jani la kweli, hilo lina vinywele ukiligusa linakwaruza. Ukiona hilo jani la kweli, siku hiyo hiyo chuchumaa upunguze. Acha mmoja kila sentimita 4 ama 5, kwa muli acha 10 hadi 15. Ile inabaki iwe yenye nguvu, imesimama wima. Zingine usizivute kwa nguvu, juu mizizi ya majirani imeshikana utatoa na ile ulitaka kuacha, kata kwa makasi ama kucha pale chini kabisa kwa udongo.

Jirani yangu alinikuta nafanya hii kazi akasimama pale kwa ua akaniangalia weee, alafu akaniuliza, "Sasa jirani, unapanda alafu unang'oa? Si ungeacha tu Mungu achague?" Nikamwambia Mungu alishachagua, ni mimi natekeleza. Nilimpea ile miche kwa sahani aonje, ina ladha ya figili kabisa lakini laini, unaweka juu ya yai ama kwa kachumbari, na hapo akaacha kuniuliza maswali. Kwa hivyo hakuna kitu imetupwa. Lakini usipopunguza, zitasongamana, zitarefuka zikitafuta mwanga, na utavuna mikia ya panya.

Maji

Siri ni usawa. Udongo ukae na unyevu wakati wote, si tope. Kwa mita mraba moja piga hesabu ya lita 25 kwa wiki, ugawanye mara tatu ama nne, na Kisumu wakati wa jua utaongeza na utamwagilia kila siku asubuhi mapema ama jioni. Kwa ndoo na gunia ni kila siku, hizo hukauka mbio. Ukiacha kikauke kabisa siku nne alafu uje na mafuriko, mzizi unafura ghafla ngozi inapasuka. Na ukiacha kikauke tu, unapata kali kama pilipili. Tandika nyasi kavu kati ya mistari, hiyo peke yake inakupunguzia kazi nusu.

Wadudu

Majani yakianza kuwa na vitundu vidogo vidogo vingi, angalia vizuri utaona vidude vyeusi vidogo vinaruka ukivigusa. Hivo hupenda sana miche michanga wakati wa ukavu. Mmea mkubwa unavumilia, mche mdogo unakufa. Njia ya maana ni kufunika kitanda na neti nyepesi siku ile ile ya kupanda, hata ile neti ya mbu iliyoraruka ukiishona, na kunyunyiza jivu juu ya majani asubuhi kukiwa na umande, japo mvua ikinyesha unarudia. Vidukari, wale wa kukaa chini ya majani, maji na sabuni ya kipande kidogo inatosha, nyunyiza chini ya jani si juu. Ukikuta mche umekatwa chini umelala, fukua hapo karibu na kidole utampata kiwavi mnene amejikunja, muue, mpee kuku. Sumu kali sioni haja kabisa. Mboga ya wiki nne, na majani unataka kula, utapiga dawa saa ngapi na usubiri siku ngapi?

Kung'oa

Usingoje ratiba ya pakiti, angalia mmea. Kuanzia siku ya 22 hivi utaona mabega mekundu yanachungulia juu ya udongo. Sukuma udongo kando na kidole upime unene, zikifika sentimita mbili na nusu upana, hiyo ni tayari. Usiseme wacha ifike saizi ya kitunguu. Ile kubwa ndio huwa sponji. Ng'oa kubwa kwanza, ndogo zipate nafasi, na ndani ya siku kumi hivi mstari wote uwe umeisha. Kisumu toa mapema zaidi, zikiwa ndogo. Muli inaweza kukaa kwa udongo wiki mbili tatu bila kuharibika kama hali ni ya baridi.

Kitu ya kwanza ukishang'oa, kata majani ukiacha kashina kadogo, juu majani yanaendelea kunyonya maji kutoka kwa mzizi na kesho utapata figili imelegea. Mzizi uoshe, uweke kwa karatasi ya plastiki ndani ya friji, utakaa wiki moja hadi mbili. Kama huna friji weka kwa bakuli ya maji baridi mahali pa kivuli, badilisha maji, ule kwa siku mbili. Majani yanakaa siku mbili tatu tu, pika hiyo hiyo jioni.

Kula

Ule ukali haukuwa umekaa tu hapo unakungoja. Ndani ya figili kuna vitu viwili vimewekwa mbalimbali, ukikata ama ukitafuna ndio vinakutana na vinatengeneza hiyo pilipili ya kuingia puani, na mwingi uko kwa ngozi. Ukishajua hivo unajua pa kushika. Kama ni kali sana menya ngozi, kata nyembamba, weka chumvi ukae dakika kumi, mwaga ile maji. Ama ipike, moto unaua ukali karibu wote.

Kachumbari ndio mahali pa kuanzia. Figili sita, nyanya tatu, kitunguu kimoja kimeoshwa na chumvi, dania, ndimu, basi. Figili kata duara nyembamba mpaka uone kisu upande wa pili. Na nyama choma ni sawa, lakini mahali nimeiona inakaa vizuri kabisa ni Kisumu na ngege, yaani tilapia, ya kukaanga na ugali, ile mafuta ya samaki inataka kitu cha kuikata na figili inaikata kuliko kitunguu. Hata juu ya githeri ya jana imepashwa moto, jaribu. Kwa mkate ni siagi, figili, chumvi, hakuna maneno mengi. Watoto wakikataa, kata vijiti, weka chumvi na ndimu, acha mezani bila kusema kitu.

Majani usidanganywe na zile nywele. Osha maji matatu juu yanashika mchanga, kata kama sukuma, kaanga kitunguu na nyanya, weka majani dakika tano hadi saba na vinywele vyote vinapotea. Ladha yake ina uchungu kidogo, so watu wa mrenda peke yake watalalamika, wale wa managu na saga watafurahi. Mimi huchanganya nusu na kunde. Mamangu mkwe anaweka maziwa na kuacha ichemke polepole, vile mboga za kienyeji hupikwa huko, na hiyo ndio bora ya zote. Majani machanga tumia, ya zamani ya manjano pea sungura.

Mzizi wenyewe pia unapikwa, hii wengi hawajui. Kata katikati, kaanga na mafuta kidogo na chumvi mpaka ipate rangi ya kahawia, dakika nane kumi. Hiyo ndio matumizi ya zile zimechelewa kidogo, zile zimekuwa kali lakini bado hazijawa sponji. Muli kata vipande weka kwa mchuzi wa nyama dakika 20 za mwisho, inanyonya supu.

Na muli ukitaka kuila vile Wahindi wa Kisumu hula, ikwaruze, weka chumvi, ngoja kidogo, kamua maji yote na mikono mpaka ikauke. Changanya na pilipili, dania, bizari ya pilau kidogo, ufunge ndani ya donge la chapati, usukume polepole na uchome na mafuta. Ile maji umekamua kandia unga, usimwage. Usipokamua vizuri chapati inapasuka kwa kikaango, na utalaumu unga bure.

Zikizidi, tengeneza achari ya haraka. Kata duara ujaze chupa ya nusu lita. Chemsha kikombe kimoja cha siki nyeupe na kimoja cha maji, sukari kijiko kikubwa kimoja, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, mwaga juu ikiwa moto, pilipili moja na punje za vitunguu saumu ukitaka. Kesho yake rangi ya ngozi itakuwa imetoka na chupa yote ni pinki. Hii ni ya friji, wiki mbili, si ya kuweka kwa kabati.

Zile zimetoroka

Kuna zenye zitakupita tu zitoe maua. Usiziharakishe kung'oa zote. Baada ya maua meupe ama ya zambarau zinaweka maganda madogo ya kijani yaliyochongoka, yatoe yakiwa machanga yanavunjika kwa kidole, yanakaangwa na kitunguu ama unatafuna hivo hivo, yana ukali wa figili na utamu kidogo.

Ukitaka mbegu, acha mimea kadhaa, usiache mmoja, juu figili huhitaji chavua ya mwenzake na nyuki ndio hufanya kazi. Chagua zile zilichelewa kutoa maua, siyo ile ilikimbia ya kwanza, la sivyo utajipandia ukimbizi. Pande za Njoro na Molo kwenye mashamba ya ngano kuna figili mwitu, nayo huchanganyika na yako, kwa hivyo kama iko karibu heri ununue pakiti. Maganda yakikauka kabisa yakawa rangi ya nyasi kavu, kata shina lote, anika mahali pakavu, alafu yaponde kwa gunia na kijiti maana hayapasuki yenyewe kama ya sukuma. Pepeta, weka mbegu kwa bahasha ya karatasi, andika mwezi na mwaka, ndani ya chupa iliyofungwa mahali hakuna joto, zitaota vizuri hata baada ya miaka 4.